Mwaka Tuliomtafuta Fulani

Siku ya arobaini ya Bi Rukia, wanaume walipokuwa chini wakisoma khitma, sisi wanawake tulikuwa ghorofani tukipakua pilau. Salma, rafiki yangu wa tangu shule, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu na hapandi ngazi ila kwa kumtaja Mungu kila kidato, aliinama juu ya masinia akauliza, "Tukiwagawa wanne wanne, nani atabaki?" Nami, bila hata kufikiri, nikamjibu, "Fulani." Tukaangua kicheko, sisi watu wazima, msibani, miko ikiwa mikononi. Binti wa Bi Rukia akaja mbio kutoka jikoni kutazama kuna nini, akatukuta tumeegemeana tukifuta machozi ambayo hata sisi hatukujua tena ni ya kicheko au ya kilio. Hakutukemea. Alisema tu, "Mama angelifurahi," akarudi kwenye chungu chake.

Nilishuka na sinia la kwanza kupitia mlango wa nyuma, nikalipeleka barazani nje, kwa sababu pale palikuwa na mgeni mmoja niliyetaka kumwandalia kwa mkono wangu. Mwalimu Mutua alikuwa ameshuka kwa gari la moshi asubuhi ileile kutoka kwao Ukambani. Alikataa kuingia ndani, akisema yeye si Mwislamu na hakutaka kuwatatiza watu katika kisomo chao, basi akaketi kwenye baraza ya mawe kando ya mlango, na mtu fulani mwenye huruma akawa amemvika kofia. Ilikuwa ndogo, imekaa utosini kama kifuniko cha buli. Nywele zilizoizunguka zilikuwa nyeupe zote. Nilimwamkia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza kama bado nafundisha. Nikamwambia bado. "Hesabu?" Nikamwambia hesabu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari isiyoaminika, ingawa anaijua kwa miaka mingi. Na kweli haiaminiki, kwa yeyote aliyenijua kabla ya mwaka ule.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa kidato cha nne. Nyumba ya Bi Rukia iko Mji wa Kale, katika kichochoro kilicho nyuma ya Ngome, ambako watalii hupotea kila siku wakitafuta mlango waliotokea. Chumba chake cha juu kilikuwa kirefu na chembamba kama vyumba vyote vya nyumba zetu za kale, kwa kuwa upana wake hauwezi kuushinda urefu wa boriti. Sakafuni palitandikwa mikeka, ukutani palikuwa na kabati kubwa la milango miwili, na hewa yake ilikuwa na harufu ya udi juu na harufu ya dagaa chini, moja ikipigana na nyingine mchana kutwa. Baada ya Adhuhuri wanawake wa jirani walipanda pale kushona kofia. Walikaa wameegemea ukuta, miguu imenyooshwa, sindano zikipanda na kushuka, na midomo ikifanya kazi kuzishinda sindano. Mimi nilipitia pale kila siku nitokapo shule, kwa sababu palikuwa na chai ya tangawizi na mahamri yaliyobaki asubuhi, na kwa sababu, niseme kweli, palikuwa na maneno.

Ni baadaye sana nilipotambua kwamba maneno yale yalijaa hesabu. Mume wa mtu akiwa hana faida, Bi Zena, jirani aliyekaa nyumba ya pili, ambaye babu zake walitoka Hadharamaut, alisema, "Yule ni sufuri ya kushoto," kwa sababu sufuri ukiiweka kulia kwa moja wapata kumi, lakini ukiiweka kushoto yabaki ni moja yako ileile na nafasi imeliwa bure. Mtu akigombana na shoga yake, husema kila mmoja na ashike hamsini zake. Mwizi akikamatwa, arobaini zake zimetimia. Msichana asiyetulia, moja haikai, mbili haikai. Na mwanamume aliyepita mara nyingi mbele ya dirisha la watu alikuwa "yuwapiga mahesabu", na hapo wote walijua si hesabu za karatasini. Mimi niliyaelewa yote hayo kama nilivyoelewa njia ya kwetu gizani. Lakini ukinipa karatasi yenye alama za kujumlisha na kutoa, nilikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi shingoni.

Mwalimu Mutua aliletwa shuleni kwetu mwanzo wa mwaka huo, akapanga chumba cha chini kwa Bi Rukia. Alikuwa kijana mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni katika joto la Machi, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kimenyooka kama rula. Jioni ya kwanza alipanda juu kumsalimu mwenye nyumba, akawakuta Bi Rukia na Bi Zena wakizozana kuhusu mambo ya jirani, akaona si vizuri kukaa kimya, akauliza kulikoni. Bi Rukia akamwambia kwa upole, "Mwanangu, wewe shika hamsini zako." Mwalimu akajipapasa mfukoni, akatoa noti ya hamsini, akaishika mbele yake asijue aifanyeje. Bi Zena alilala chini kabisa, ushungi kauma kwa meno. Siku nyingine Bi Zena alikuwa akisimulia kisa cha mtu wa Majengo: "Kumwacha mkewe, hiyo tisa. Kumi, kamuoa dadake!" Wanawake wote wakashika midomo. Mwalimu, aliyekuwa akinywa chai mlangoni, akauliza kwa adabu, "Samahani Bi Zena, na moja mpaka nane ni zipi?" Swali lile liliishi kichochoroni mwetu kuliko kisa chenyewe. Mpaka leo mtu akirefusha hadithi kwetu, huambiwa atuhurumie, atuanzie kwenye tisa.

Wakati huo mimi sikuwa na la kuchekea sana. Matokeo ya mtihani wa majaribio yalikuwa yametoka, na katika hesabu nilipata alama ambayo Salma, kwa mapenzi, alisema afadhali ningeliugua siku ile. Nilikuwa nikikaa kwa ami yangu, Ami Said, seremala wa vitanda aliyekuwa na karakana Kibokoni, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Nilitaka kuwa mwalimu wa watoto wadogo. Chuo kilitaka hesabu. Ami aliisoma ile karatasi, akaikunja, akanirudishia. "Nuru," alisema, "mimi sikukatazi kusoma. Ukifaulu, utaendelea, na nitauza mbao zangu ukasome. Lakini kuna watu wamekuja kuposa, watu wazuri, na hao wangoja jawabu. Siwezi kuwaweka watu wa heshima wakingoja mwaka hadi mwaka." Kwetu jawabu ni jibu, na jawabu pia ni jambo. Jibu sikuwa nalo, na jambo lilikuwa zito. Yule mposaji sikumchukia, hata leo simchukii; sikumjua tu, wala yeye hakunijua.

Bi Rukia ndiye aliyepanga mafunzo. Alimwita Mwalimu akamwambia kuna wasichana watano wanazama, na yeye hawezi kushona kofia huku watu wanazama mbele yake. Basi Jumamosi na Jumapili baada ya Alasiri tukawa tunakutana katika kile chumba cha juu. Bi Rukia aliweka masharti yake: mlango wazi, yeye mwenyewe kizingitini na kofia yake, na mwanamume abaki upande wa kabati. Ubao haukuwapo, basi Mwalimu aliandika kwa chaki kwenye milango ya kabati, na kila mtu alipohitaji shuka, mlinganyo ulifunguka ukagawanyika katikati. Alifundisha kwa Kiingereza, kama shuleni, polepole na kwa subira kubwa, nasi tulitikisa vichwa kwa adabu kubwa, na hakuna kilichoingia. Wiki tatu nne zilipita hivyo. Niliona uso wake ukianza kuchoka.

Kilichotuokoa ni chai. Alikuwa akijaribu kutueleza kwa nini hasi mara hasi yawa chanya. Alieleza mara hii, akaeleza mara ile, kisha akaweka chaki chini akakaa, jasho latoka. Bi Rukia, asiyefahamu hata neno moja la yale aliyokuwa akisema, akamwonea huruma. "Mwalimu, si kwamba chai haipo," alimwambia. "Ipo, lakini moyo wangu uliogopa kukukatiza." Mwalimu akainua kichwa. "Umesemaje, Bi?" Bi Rukia akadhani amemkosea. "Nimesema si kwamba chai haipo." "Basi ipo?" "Si nimekwambia ipo!" Mwalimu akasimama. Akaandika kwenye kabati, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, HAIPO, kisha mbele yake akaweka SI KWAMBA. Akatugeukia, akauliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege, "Salma, si kwamba sikupendi. Maana yake nini?" Salma akainamisha macho, akasema, "Maana yake wanipenda, Mwalimu," na hapo hapo akajiziba uso kwa kitabu. Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nimeacha kucheka kabla ya wenzangu. Kitu kilikuwa kimefunguka kifuani mwangu. Nilikuwa nikikanusha makanusho maisha yangu yote. Nilijua jambo hili kabla sijaota meno ya ukubwani.

Toka siku ile Mwalimu alibadilika. Aliwasikiliza wale wanawake kama mtu aliyeokota lulu mchangani. Aligundua kwamba kasoro ni kupunguza na kasoro pia ni dosari. Kwamba kuzidi ni kuongezeka na kuzidi pia ni kupita mpaka, ndiyo maana mtoto mtundu huambiwa amezidi. Kwamba kutoa ni kuondoa, na kutoa hukohuko ni kumpa masikini. "Lugha gani hii," alisema, "ambayo ukipunguza chako unasifiwa?" Bi Rukia akamjibu, "Lugha ya waja, mwanangu. Kunywa chai."

Lakini zawadi kubwa kuliko zote ilikuwa fulani. Tulikuwa tunaiogopa herufi ile ya x kama jini. Siku moja Mwalimu alifika akatuambia tuifute vichwani, hatutaiona tena. Badala yake akaandika jina Fulani. "Fulani ana watoto," akasema. "Sisemi ni nani, maana si vizuri kutaja watu. Watoto wake ukiwazidisha mara mbili, ukaongeza wageni watatu waliokuja kutembea, nyumbani mna watoto kumi na mmoja. Fulani ana watoto wangapi?" Kabla sisi hatujashika kalamu, sauti ilitoka ukutani. Ilikuwa ya Bi Zena, aliyekuja kuazima uzi akasahau kuondoka. "Watoe kwanza wale wageni warudi makwao," alisema. "Wabaki wanane. Wanane ni wake mara mbili. Basi ana wanne. Na kama ni yule ninayemdhania, wa tano yuko njiani." Mwalimu alicheka mpaka akaegemea kabati, chaki ikamwingia mgongoni. "Kumbe aljebra ni umbeya," alisema. "Umbeya wenye ushahidi!" Na sisi, wasichana wa Mji wa Kale, tuliolelewa katika kutambua nani kasemwa bila kutajwa, kwa dalili ya rangi ya buibui na saa ya kupita, tulikuwa mabingwa tayari. Tulimtafuta fulani kila mahali. Tulimtafuta kwenye mabano, tukamtafuta chini ya mstari wa sehemu. Siku tulipopata wawili waliotafutwa pamoja, Salma alisema hao ni fulani na fulanae, na kila mmoja atamtaja mwenzake ukimbana.

Ndipo siku ile ikaja. Tulikuwa tumefika kwenye miraba. Niseme kwa wasiojua: vitanda vikubwa vya arusi, alivyokuwa akitengeneza Ami Said na wenzake, hupimwa futi sita kwa sita, na kwa hiyo mjini kwetu, mtu akitaja sita kwa sita kwa sauti fulani na jicho fulani, hazungumzii useremala. Anazungumzia ya chumbani. Taarabu zilikuwa zikiyasema, kungwi alikuwa akiyasema, na sisi wasichana tulijifanya hatuyajui. Mwalimu kweli hakuyajua. Alichora mraba mkubwa kwenye kabati, akatugeukia na uso wenye furaha, akasema kwa sauti iliyofika mpaka ngazini, "Leo tuna sita kwa sita. Fulani amejificha humo. Nuru, njoo umtafute!"

Sijawahi kuona darasa likianguka namna ile. Mmoja alijificha chini ya mkeka. Salma alikabwa na hamri. Bi Rukia mwenyewe alijidunga kidole kwa sindano, akainamia kofia yake, mabega yakitetemeka. Mwalimu alisimama na chaki hewani, akitutazama mmoja mmoja, akauliza, "Kwani nimekosea? Ni saba?" Ikawa vibaya zaidi. Hatukusoma tena siku ile. Na pengine jambo lingeliishia pale, lau si kwamba Bi Zena alikuwa ngazini, akipanda, na alisikia sentensi ile bila kuuona mraba. Hakupanda tena. Alishuka.

Kabla ya Magharibi kichochoro kizima kilikuwa na habari, na habari kila ilipoingia nyumba ilitoka imevaa nguo mpya. Mwalimu wa bara awaambia wasichana wa watu mambo ya sita kwa sita. Mwalimu kamtaja Nuru kwa jina. Mwalimu kamtaka aingie amtafute mtu. Ami Said alirudi kutoka msikitini, hakula. Alikaa kitandani akiwa amevaa viatu. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba sitakwenda tena kwa Bi Rukia, kwamba kesho asubuhi wazee watakaa na mwalimu yule, na ikibidi shule itaambiwa. Nilijaribu kueleza, lakini ningeelezaje? Maneno yenyewe hayatamkiki mbele ya ami. Mtihani ulikuwa umekaribia, na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa najua kitu, na mtu aliyenionyesha kwamba najua alikuwa karibu kufukuzwa kwa sababu ya kitanda ambacho hakukifahamu.

Asubuhi baraza ilikaa katika chumba kilekile. Ami Said na wazee wawili wa mtaa upande mmoja, Bi Zena na mama za wasichana upande wa pili, Mwalimu katikati juu ya kigoda, vifungo vyote vimefungwa. Bi Rukia alisisitiza sisi wasichana tuwepo, tukakaa mlangoni. Mwalimu aliulizwa kama anakiri. "Kukiri nini, wazee wangu?" "Yale maneno uliyowaambia watoto." "Maneno gani?" Mzee mmoja akakohoa. "Yale ya jana." "Jana tulikuwa na mraba." "Si mraba. Yale mengine." "Mengine yapi?" Mzee alimtazama mwenziwe, mwenziwe akatazama dari. Hakuna aliyeweza kuyasema mbele ya wanawake, na wanawake hawakuweza kuyasema mbele ya wanaume, na mshitakiwa peke yake ndiye ambaye angeyatamka bila haya, lakini hakujua ni yapi. Tulizunguka hapo kwa muda mrefu. Mwalimu alikuwa amekauka midomo. Nilimwona akitazama mikono yake, na sikuweza kuvumilia tena.

Nilisimama. "Ami, niruhusu nionyeshe jana tulisoma nini." Sijui ni nini kilichomfanya aitikie, labda ni mshangao, kwani mimi sikuwa msichana wa kusimama. Nilikwenda kwenye kabati, mraba ulikuwa bado haujafutwa, nikachukua chaki. Niliwaambia kwamba huu ni mraba, kila upande wake ni sita. Sikulitamka lile neno "kwa". Kwamba kila upande umeongezwa kitu kisichojulikana, tunachokiita fulani kwa sababu hatujui jina lake. Kwamba baada ya kuongezwa, eneo lote limekuwa sitini na nne. "Sitini na nne ni nane mara nane," nilisema. "Basi kila upande sasa ni nane. Ukitoa sita, wabaki mbili. Fulani ni mbili." Nikaandika mbili, nikaipigia mstari chini. "Ndiye huyo tuliyeambiwa tumtafute."

Ami Said alikuwa ameusogelea ule mchoro bila kujijua, macho yake yakipima. Alisema polepole, kama anayezungumza na nafsi yake, "Yaani kimeongezwa futi mbili huku na futi mbili huku." "Ndiyo, Ami." "Kitanda cha nane kwa nane?" alisema. "Hapana shuka ya kitanda hicho Mombasa nzima." Na hapo Bi Rukia, aliyekuwa amejizuia tangu jana, hakuweza tena. "Said!" alipiga kelele. "Wewe wauza sita kwa sita mchana kutwa, wazitangaza mbele ya msikiti kwa sauti ya muadhini, na hakuna aliyekuitia baraza! Huyu mgeni kaitaja mara moja, tena kwa chaki!" Mzee aliyekuwa akikohoa ndiye aliyecheka kwanza. Kisha wa pili. Kisha mama zetu, kwa chini chini, ndani ya buibui. Ami Said alikuwa wa mwisho. Alikitoa kilemba chake akajifutia machozi. Bi Zena alinyanyuka kimya akateremka, nikadhani ameondoka kwa hasira, lakini baada ya muda alirudi na bakuli la kaimati, akaliweka miguuni mwa Mwalimu, akasema, "Mwanangu, ulimi wangu ulinitangulia. Kula." Hayo kwetu ndiyo maneno makubwa zaidi. Ilibidi Mwalimu aelezwe baadaye, na mzee mmoja, pembeni, sikioni, sita kwa sita ni nini. Nakumbuka rangi ya masikio yake.

Jumamosi iliyofuata tulikuta ubao ukutani. Ubao wa kweli, wa mbao iliyopigwa randa na kupakwa rangi nyeusi, wenye kingo iliyochongwa nakshi ya maua kama ya vitanda vya maarusi, kwa sababu Ami Said hakujua kutengeneza kitu bila nakshi. Tuliutumia mpaka siku ya mtihani, na Bi Zena hakukosa hata Jumamosi moja. Alisema amekuja kwa sababu ya uzi.

Matokeo yalipotoka sikuwa wa kwanza wala wa pili. Nilipata alama ya kati, ya kutosha, na chuo kilinipokea. Ami Said alifunga karakana yake siku ile, akaenda mwenyewe kwa wale wenye posa na kuwaambia, kwa heshima zote, kwamba mtoto asoma. Salma aliolewa na mtu aliyemtaka mwenyewe, na yeye pia alifaulu, alama moja zaidi yangu, jambo ambalo hajaacha kunikumbusha. Mwalimu alihamishwa miaka miwili baadaye. Ami alitangulia mbele ya haki zamani. Nami nimesimama mbele ya watoto wa watu miaka yote hii, nikiwafundisha kwamba kumtafuta asiyejulikana si jambo la kuogopa, na kila mwaka pana mtoto mmoja ambaye uso wake hufunguka ghafla. Nikimwona huyo huwa nashukuru kimoyomoyo, si kwa jumla bali kwa majina.

Siku ile ya arobaini, Mwalimu alipomaliza kula, nilikaa naye barazani. Nilimwambia kwamba mpaka leo tukikumbuka baraza ile twavunjika mbavu. Akatabasamu. "Nyinyi mlicheka," alisema. "Mimi sikucheka, Nuru. Nilikuwa kijana, mgeni, nimekalishwa katikati ya watu nikiulizwa habari za wasichana. Niliposhuka chumbani kwangu nilifunga sanduku. Asubuhi yake ningekwenda Mwembe Tayari kupanda basi, na sidhani kama ningefundisha tena popote." Sikuwa nimepata kulisikia hilo. Nikamuuliza nini kilimzuia, ni Bi Rukia? "Bi Rukia hakujua," alisema. "Ni ami yako. Alibisha hodi alfajiri, na futi yake na penseli sikioni. Sanduku aliliona, lipo mlangoni. Hakuliuliza. Alisema nipande naye juu mara moja, amekuja kupima. Tukapanda. Akaniambia nisimame kwenye ukuta, ninyanyue mkono kama ninayeandika, ajue mwisho wangu ni wapi. Nikanyanyua. Akaweka alama kwa penseli juu ya vidole vyangu, kisha akasema, 'Mimi sikusoma, lakini jana huyu Nuru alipoeleza, nilimfahamu.' Akateremka, akaenda zake." Kutoka ndani, dua ya mwisho ilikuwa ikiitikiwa amin. "Sasa niambie," alisema, "ningeondokaje?" Na pale barazani, akiwa na kile kikofia chake kidogo, aliunyanyua tena mkono wa kulia dhidi ya ukuta wa Bi Rukia, vidole vimekunjwa kidogo kama vinashika chaki, anionyeshe ulipofika.